Sweta ya Boston

"Boston haifungwi," Olow alikuwa akisema, na akishasema alikuwa akigonga meza kwa kidole, tap, kama karani anayepiga muhuri. Na alikuwa na haki ya kujidai. Miaka minane mfululizo ubingwa wa mpira wa kikapu wa Amerika ulikwenda Boston, ukalala Boston, ukaamkia Boston.

Katika Garissa nzima hawakuwako watu kumi waliojua Boston iko wapi. Lakini kwenye hoteli ya Nurto, ile ya mabati iliyopakana na ghala la ngozi, ukifika baada ya swala ya alasiri ungedhani mji huo upo hapo tu, ng'ambo ya Tana. Wachunga ngamia ambao hawajawahi kuugusa mpira kwa mkono walikuwa wakikatana maneno juu ya nani ataingia fainali na nani ataachwa njiani. Aa, siku zile! Chai ya maziwa ya ngamia, nzito, yenye harufu ya moshi, na watu wazima na ndevu zao wakigombania timu ambayo hawataiona mpaka wanakufa.

Aliyeuleta ugonjwa huo ni Olow mwenyewe. Alikuwa baharia kabla hajawa mnunuzi wa ngozi, na mwaka wa hamsini na saba meli yao iliharibika mashine huko Boston, wakakaa wiki saba kwenye baridi ya kukata masikio. Mpishi wa meli, Msudani mmoja, ndiye aliyemwambia waingie kwenye jumba la michezo wakaote joto. Waliingia kuota joto, wakatoka wameishiwa sauti. Kesho yake Olow alinunua sokoni sweta nzito ya sufu, rangi ya kijani kama ile ya timu, akaja nayo Garissa, mji ambao hata mbuzi hutafuta kivuli saa tatu ya asubuhi. Haikuvaliwa hata siku moja. Ilikaa sandukuni na kipande cha ubani, na wageni wa heshima ndio walioonyeshwa.

Dekow, rafiki yake tangu chuo cha Kurani, alikuwa mkalimani wa ofisi ya serikali. Mtu mwembamba, mpole, mwenye redio ya betri iliyokamata stesheni ya Amerika asubuhi kabla jua halijachachamaa. Yeye aliichagua Philadelphia.

"Kwa nini Philadelphia?" Olow alimuuliza siku ya kwanza, amekasirika kweli.

"Kwa sababu mtu mwenye akili hamshangilii simba aliyeshiba," Dekow akajibu. "Halafu wana yule mrefu wao. Mtu kama yule akisimama kisimani, hahitaji ndoo."

Basi vita vikaanza. Olow alikuwa akipanga bilauri mezani: tano za Boston huku, tano za Philadelphia kule, na birika la Nurto likiwa ndiye yule mrefu. Boston wanapita hivi, wanamzunguka birika, wanatupia. Dekow naye analiinua birika, analiteremsha katikati ya bilauri za Boston, chai inamwagika.

"Birika langu si Mmarekani!" Nurto alikuwa akifoka kutoka jikoni, bibi mnene mwenye mkono mwepesi wa kutupa kitambaa. "Na mniambie leo: hicho kikapu hakina kitako, sasa wanajaza nini humo? Watu wazima!"

Walicheka. Na lililompendeza Olow kuliko yote, hata leo ukimuuliza, ni yale maneno "mwaka kesho". Miaka ile ya vita kati ya serikali na waasi, hapakuwa na mtu aliyethubutu kusema mwaka kesho. Mtu hakujua wiki ijayo atalisha wapi, barabara ipi itafungwa, kijana wa nani atachukuliwa kwenye msako. Harusi ziliahirishwa, visima vikaachwa. Lakini kwa Nurto utamsikia mzee Kerrow, mwenye ngamia sitini na jino moja la dhahabu, akisema bila kupepesa, "Mwaka kesho Boston watamhitaji kijana wa kumsaidia yule mkubwa wao, miguu inachoka." Mwaka kesho, bwana! Kama kwamba umeandikiwa.

Sasa, kuna jambo lazima lieleweke. Kwa Wasomali salamu haijawa salamu mpaka mtu aulizwe, "Warran?" Maana yake: toa habari. Na anayeulizwa huzitoa zote, maji yako wapi, nyasi zikoje, nani mgonjwa, nani kafa, haongezi wala hapunguzi, kwa sababu kuna mtu atakayeswaga mifugo yake kwa neno lake. Anayejulikana kwa kutia chumvi haulizwi tena. Na mtu asiyeulizwa habari ni heri angezikwa, watu wakamwombea dua.

Dekow alikuwa akiulizwa na kila mtu. Ndiyo, alikula mshahara wa serikali, na wakati ule wa vita hilo lilitosha mtu atazamwe kwa jicho la pembeni. Lakini kila amri aliyoitafsiri ilitokea vilevile alivyoisema, siku ileile aliyoitaja. Wazee walisema, "Kazi yake ya serikali, ulimi wake wetu."

Asubuhi ya tarehe kumi na mbili Aprili, mwaka wa sitini na saba, Dekow alifika hotelini mapema kuliko kawaida. Watu walikuwa wamejaa, kwa maana msafara wa malori ulikuwa umezuiwa na hapakuwa na kazi. Timu hizo mbili zilikuwa kwenye mtoano, atakayeshinda mechi nne aende fainali, na Boston walikuwa nyuma, moja kwa tatu. Olow alikuwa amewaeleza wote kwamba simba akirudi nyuma ni kwamba anajikunja aruke.

"Warran, Dekow?" akauliza kwa sauti, watu wasikie.

Dekow hakukaa. Alimtazama rafiki yake kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyoharibu kila kitu.

"Imekwisha, walaal, ndugu yangu. Mia moja arobaini kwa mia moja na kumi na sita. Wametolewa. Redio inasema watu wa Philadelphia walikuwa wakiimba uwanja mzima, Boston imekufa."

Kerrow akasema, "Innaa lillaahi," kwa mzaha, na hoteli nzima ikaangua kicheko.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Olow alisikia damu ikimpanda masikioni. Aliona wale watu wote, ambao yeye ndiye aliyewafundisha hata jina la mchezo, wakimcheka yeye. Akasimama.

"Mwongo!" akasema. "Pointi ishirini na nne? Boston? Wewe ni mwongo, Dekow. Tangu uanze kula mkate wa serikali hujui tena kusema kweli."

Kicheko kilikatika. Hata Nurto alitoka jikoni na mwiko mkononi. Dekow akasema, "Haya," akatoka. Chai yake ilibaki mezani ikifuka mvuke.

Na Olow alijua. Hilo ndilo lililomtafuna. Alijua tangu neno la kwanza kwamba Boston imefungwa, kwa sababu Dekow hajawahi kumdanganya, tangu wakiwa watoto wanaoiba sukari pamoja na Dekow ndiye anayekwenda kukiri. Alimwita mwongo mtu pekee ambaye angeweza kuapa kwamba hasemi uongo.

Kulikuwa na njia ya kulitengeneza. Heshima ya mtu ikivunjwa mbele za watu hujengwa mbele za watu, mahali palepale, na aliyevunja hutoa kitu anachokipenda: kilemba kizuri, mbuzi, au ngamia ikiwa kosa ni zito. Kitu hicho huitwa haal, na akishakipokea aliyekosewa, jambo limezikwa. Lakini Olow alikuwa na kiburi cha mabaharia. Alijiambia kesho. Kesho ilipofika akajiambia kesho.

Ikapita wiki. Dekow alipita barabarani kwenda ofisini na kurudi, akasalimiwa, "Nabad," akajibu, "Nabad," basi. Hakuna aliyemwambia "Warran?" Ukute mzee aliyezoea kumshika mkono na kumuuliza hata bei ya chumvi ya Wajir, sasa anaitikia salamu akitazama mchanga. Kama rafiki yake wa kufa na kuzikana anasema mkate wa serikali umemharibia ulimi, mwingine aseme nini? Na wakati ule neno kama lile lingeweza kumfikisha mtu kaburini. Olow akiwaza hivyo usingizi ulikuwa ukimruka.

Jumatatu iliyofuata Dekow aliingia hotelini bila kuulizwa. Hilo peke yake lilikuwa aibu, mtu kutoa habari ambayo haikuombwa. Alizungumza amesimama mlangoni, haraka.

"Ijumaa jua likizama ndio mwisho. Kuanzia Jumamosi, mnyama yeyote atakayekutwa nje ya maili tano za mji atachukuliwa. Nimeisoma amri kwa macho yangu, mimi ndiye nitakayeitafsiri siku ya Alhamisi, na Alhamisi mtakuwa mmechelewa. Ingizeni mifugo yenu sasa."

Watu walitazamana. Kama ni kweli, hapakuwa na saa ya kupoteza, kwani malisho yalikuwa mbali. Kama ni uongo, kuwaleta ngamia karibu na mji usio na nyasi ni kuwaua kwa njaa, au kumletea mwizi mali mlangoni.

Kerrow ndiye aliyesema, polepole. "Dekow, hii habari ni ndugu yake ile ya Boston?"

Wachache wakacheka. Dekow alimtazama Olow. Alimtazama tu, kama mtu aliyeshikilia mlango akungoje upite. Olow akainamia bilauri yake. Dekow akaondoka.

Jioni hiyo, kabla ya magharibi, Sirad dada yake Olow alimjia ghalani. Mjane, na ngamia wake kumi na wanane walikuwa malishoni mwendo wa siku mbili, wakichungwa na wanawe. Hakukaa, na vumbi la njia lilikuwa bado kwenye guntiino, ile shuka ya kujifunga mwilini.

"Kaka, nimesikia maneno ya hotelini. Wewe ndiye unayemjua Dekow. Ni mwongo?"

"Kwa nini unaniuliza mimi?"

"Kwa sababu wewe ndiye uliyesema."

Hao ngamia kumi na wanane ndio chakula cha watoto wa marehemu shemeji yake, ndio mahari ya wanawe wakioa, hapana kingine. Dada yake alikuwa akimwangalia usoni, akingoja aambiwe aende au abaki.

"Watume watu leo," akasema mwishowe. "Walete. Dekow hasemi uongo. Mimi ndiye niliyesema uongo."

"Mimi umeniambia," Sirad akasema. "Na wale wengine?" Akajifunga shuka yake, akaenda zake.

Asubuhi Olow alifungua sanduku, akaichukua sweta pamoja na harufu yake ya ubani, akaenda kwa Dekow. Alimkuta mlangoni akibadilisha betri za redio.

"Twende hotelini," akamwambia.

"Kufanya nini?"

"Nikuulize habari."

"Niulize hapa."

"Sikukutukana hapa."

Dekow alifunga kifuniko cha redio taratibu, akachukua kofia yake.

Hotelini watu waliweka bilauri chini walipowaona wakiingia pamoja. Dekow alikaa kwenye benchi, Olow akasimama palepale aliposimama siku ile. Akasema kwa sauti ya juu, "Mbele yenu nilimwita huyu mwongo. Nilijua ni mkweli, ila niliona haya kuchekwa. Aliyesema uongo hapa ni mimi. Hii ni haal yangu kwake." Akamwekea sweta mapajani. Watu walioifahamu sweta ile walishusha pumzi. Kisha akakaa mbele yake, kama anavyokaa mtu mbele ya msafiri.

"Dekow, warran?"

Mtu mwingine angefupisha. Dekow hakuongeza wala hakupunguza. Alianza na mechi ya kwanza, Philadelphia mia na ishirini na saba, Boston mia na kumi na tatu. Akaja ya pili, pointi tano. Ya tatu, kumi na moja. Ya nne, Boston wakajikaza, wakashinda kwa nne. Ya tano, ile ya mia moja arobaini. Na kila alipomaliza moja alinyamaza, akamngoja Olow aseme, "Ndiyo, endelea," mbele ya watu wote, na Olow akasema mara tano. Nurto alikuwa amesimama na birika mkononi, amesahau kumimina.

"Na mifugo?" Olow akauliza.

"Ijumaa jua likizama."

Kerrow hakumaliza chai. Aliinuka, akasukuma benchi, akatoka mbio na bakora yake, na wengine wakamfuata, mpaka hoteli ikabaki na wale wawili na Nurto. Kutwa nzima Dekow alizunguka mji nyumba kwa nyumba kuwaambia wasiokuwepo, amevaa ile sweta ya sufu ya kijani, jasho likimchuruzika mpaka viatuni, ili kila amwonaye ajue kwamba heshima yake imerudi. Watoto walimfuata wakishangilia. Shabiki wa Philadelphia, amevaa Boston, kwenye jua la Garissa! Na mlango kwa mlango aliulizwa, "Warran?"

Ngamia wa Sirad waliingia Ijumaa adhuhuri, wote kumi na wanane. Siku hiyo mpaka jua linazama mji ulijaa kengele za mbao na mavumbi. Lakini wa Kerrow walikuwa mbali kidogo kuliko hao, mwendo wa siku mbili na ushee, na walifuatwa Jumanne. Kati ya sitini waliingia kumi na mmoja, na wale wengine hakuwaona tena.

Olow alikwenda kumpa pole. Mzee alikuwa ameketi mbele ya nyumba, hakulia, hakulaumu. "Siku moja tu, Olow," alisema. "Dekow alisema Jumatatu, mimi nikaondoka Jumanne." Olow ameyasikia mengi maishani, matusi ya manahodha na ya mapolisi, lakini hapana neno linalomrudia kama hilo.

Walirudi kwenye meza ya Nurto, naam, na bilauri zikapangwa tena. Msimu ujao nani? Dekow akasema Philadelphia, timu haijazeeka. Olow akasema Boston wanarudi, ngojeni. Lakini sasa hakugonga meza. Alisema "inshallah," na Kerrow, aliyekuwa bado anakuja ijapokuwa hakuwa na kinachompeleka malishoni, akacheka na jino lake la dhahabu likaonekana. Mwisho wa mwaka vita vikatulia, na Dekow akahamishiwa Mandera. Aliondoka juu ya lori la chumvi, redio mapajani, na meza ile haikupata mtu mwingine wa kuliinua birika.

Mwezi wa tano mwaka uliofuata, Awil dereva alishuka kutoka Mandera, akaja moja kwa moja hotelini na kifurushi. "Cha Olow, kutoka kwa Dekow." Olow alikifungua, akaona kijani, na moyo wake ukafa. Haal hairudishwi. Anayerudisha haal anasema, sijakusamehe. Nurto naye aliona, akaziba mdomo.

Ndani kulikuwa na barua. Olow aliisoma kwanza kimya, kisha akaambiwa asome kwa sauti.

"Walaal Olow, hukuniuliza habari kwa kuwa uko mbali, lakini nazitoa. Timu zetu zilikutana tena kwenye mtoano. Boston waliongoza kwa moja, wakafungwa tatu mfululizo, nikakwambia moyoni, pole. Kisha wakashinda tatu za mwisho, na ya saba ilikuwa mia kwa tisini na sita, Philadelphia nyumbani kwao. Sasa wamechukua na ubingwa. Sijaongeza wala sijapunguza. Ivae sweta hii siku moja, watu wa hapo wakuone, kisha mpe Awil anirudishie, maana ni haal yangu na siitoi kwa mtu. Naihitaji. Huku Mandera asubuhi kuna baridi sana."

Baridi, Mandera! Mahali ambapo mawe yanaunguza kabla jua halijatoka vizuri! Hoteli nzima ilitazamana. Olow aliigeuza sweta, akaona viwiko vimechakaa na sufu imekuwa nyembamba, kwapa zimebadilika rangi kwa jasho la mtu aliyeivaa mwaka mzima pasipo na sababu yoyote.

"Mwongo," akasema Olow. "Mwongo mkubwa we."

Akaivaa palepale, akakaa, na Nurto akamletea chai bila kuagizwa. Akaliweka birika katikati ya meza, mahali pake pa zamani.

"Haya, Olow," akasema. "Warran?"

Olow akajifuta macho kwa mkono wa sweta, akaanza na mechi ya kwanza.